Kila Nikigawa, Mmoja Anabaki

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa. Mwalimu wa kwaya anastaafu. Ametuambia leo baada ya mazoezi, huku akifunika kinanda, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imeanza. Ataongoza mara ya mwisho siku ya sherehe ya kiwanda, tarehe 22, kisha atamkabidhi kijiti mmoja wetu. Hakusema nani. Alisema tu anataka mtu mtulivu, mwenye kujua mpangilio. Nikajisikia nimetajwa.

Kwaya yetu ya kiwanda cha sabuni ina waimbaji thelathini na saba. Kazini mimi ni mtunza stoo, na watu wote wananiita Bwana Stoo. Kwenye kwaya naimba besi ya pili, nyuma kabisa. Mbele yangu husimama Dereva wa lori la kiwanda, mtu mpana kama mlango wa ghala. Miaka yote hii nimeimbia kisogo chake. Nakijua kuliko uso wangu. Mke wangu huja kila sherehe na hajawahi kuniona jukwaani. Mwaka juzi alisema ameona kiatu kimoja, akadhani ni changu. Hakikuwa changu.

Kiongozi husimama mbele. Kiongozi huonekana. Basi, nimemaliza.

Mpinzani ni mmoja: Filimbi, wa maabara, anayepima ubora wa sabuni. Sauti nyembamba, suruali imenyooka muda wote, hakasiriki. Sijawahi kumwamini mtu asiyekasirika.

Meneja alipita kutusikiliza. Akalalamika kwamba tunasimama kama watu waliokosa usafiri. Mkurugenzi atakuwepo siku hiyo, na Mkurugenzi anapenda mistari. Hajamaliza kusema, mimi nimeshasimama. Nikamwambia aniachie. Nitaipanga kwaya kwa mistari iliyo sawa, kila mstari idadi moja, hapungui mtu wala hazidi. Meneja akanishika mkono mbele ya wote. Filimbi alifungua mdomo, akaufunga. Wivu huo.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nzima stoo, na kikokotoo. Thelathini na saba kugawa kwa mbili, mmoja anabaki. Kwa tatu, mmoja. Kwa nne, mmoja. Nikajaribu tano nibadilishe hewa, wakabaki wawili. Kwa sita, mmoja tena. Kwa tisa, mmoja. Kwa kumi na mbili, mmoja. Nikabadilisha betri. Mmoja.

Nikajipa moyo kwamba watu si namba, watu wanabanika. Jioni nikawapanga kwa mistari mitatu. Akabaki Dereva. Mistari minne, Dereva. Mistari sita, Dereva, mikono kifuani, anatazama dari. Kila mara yeye, kwa sababu huwapisha wenzake kwanza, na akija kutafuta nafasi hakuna. Ustaarabu wake unaniharibia hesabu.

Nilipoanza kuwapanga kwa mistari tisa, Filimbi akasema taratibu, "Bwana Stoo, usijichoshe. Thelathini na saba ni namba tasa."

Tasa. Nimelisikia kwa masikio yangu. Kwaya ambayo Mwalimu ameilea tangu kiwanda kina bomba moja la moshi, huyu anaiita tasa, na mwenyewe amesimama pale. Sikujibu. Mtu mtulivu hajibu. Mtu mtulivu hupeleka habari panapohusika.

Alhamisi, 6 Machi

Nilizipeleka. Jana mchana nilimfuata Mwalimu kwenye chumba cha manukato, anakofanya kazi kati ya chupa za harufu, nikamweleza kwa masikitiko kwamba Filimbi ameitukana kwaya yake. Nilitia chumvi kidogo. Nilisema alicheka.

Leo Mwalimu ametukusanya wote na kumtaka Filimbi ajieleze. Filimbi akajieleza. Namba tasa ni namba isiyogawanyika isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Mbili, tatu, tano, saba, na kuendelea, na thelathini na saba ni mojawapo. Tulifundishwa shule ya msingi. Akauliza nani anakumbuka. Mikono ikapanda. Hata wa Dereva. Kwa hiyo, akasema, kwa mistari iliyo sawa tuna njia mbili tu: mstari mmoja wa watu thelathini na saba, au mistari thelathini na saba ya mtu mmoja mmoja.

Dereva akaniuliza, kwa nia njema kabisa, mimi napendelea upi.

Watu walivunjika mbavu. Nami nikacheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wao, ili ionekane nilikuwa wa kwanza. Baadaye Mwalimu akanivuta pembeni. "Mwanangu," akasema, "mimi sijatukanwa. Ila wewe ulikuja kumchongea mwenzako." Nimelipokea hilo kama ushauri wa jumla.

Nikajikaza kisabuni. Kwetu kiwandani hilo ni zaidi ya msemo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata ufumbuzi nikiwa naoga. Kama namba haikubali kugawanyika, ipunguzwe. Thelathini na sita ni namba yenye adabu. Unaigawa kwa mbili, tatu, nne, sita, tisa, inaitika tu. Sita kwa sita, mraba kamili. Kinachotakiwa ni mtu mmoja asiwepo. Na kila nilipogawa, nani alibaki? Hesabu yenyewe imeshamchagua. Mimi nani nipinge?

Nimemwendea Meneja, nikamwambia tawi letu la mbali linaishiwa sabuni, aibu ya kiwanda hiyo. Ni kweli linaishiwa, hulalamika kila mwezi, leo tu ndiyo nimeamua kuumia moyo. Meneja akanisifu kwa kufikiria mbele. Dereva ataondoka Jumatatu na mzigo, na safari yenyewe ni wiki mbili na ushee. Sherehe itamkuta huko.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu akaniuliza safari hii nimemfanyia nani nini.

Jumatatu, 10 Machi

Dereva hajaondoka.

Ilikuwa hivi. Niliwahi stoo alfajiri, nikachora sakafuni kwa chaki miraba thelathini na sita, sita kwa sita, nikawa naingia katika kila mraba na kuimba kidogo, nijue sauti itatokaje. Nilifika mraba wa ishirini na kitu lori lilipojiegesha mlangoni likinguruma. Meneja akaingia kuuliza mzigo uko wapi.

Mzigo wa safari hufungwa na mtunza stoo. Mtunza stoo ni mimi. Sikuwa nimefunga hata katoni moja.

Meneja alisimama ndani ya mraba mmoja, akatazama sakafu, akanitazama mimi, akatazama tena sakafu. Aliyoyasema siyaandiki, na mengi yalikuwa kweli. Nafasi katika msafara wa magari imepotea, safari imeahirishwa hadi mwezi ujao.

Lililonimaliza ni Dereva. Alisubiri Meneja aondoke, akaja akanikumbatia mpaka miguu ikaachana na ardhi. Kumbe mkewe anakaribia kujifungua, na yeye alikuwa hajui amwambieje Meneja kwamba hataki kusafiri. Akadhani nilichelewesha mzigo makusudi kumwokoa. Alisema hajui atanilipaje wema huo. Nikamwambia asijali. Mtu ungemwambiaje?

Jumatano, 12 Machi

Upande wa pili wa hesabu. Kama hawapunguki, waongezeke. Thelathini na nane ni mistari miwili ya kumi na tisa, jukwaa la bwalo halina upana huo. Thelathini na tisa ni mitatu ya kumi na tatu, wa pembeni wataimba wakiwa hewani. Arobaini ni minne ya kumi, na kumi wanaenea. Watatu tu wanahitajika.

Nimewapata. Wawili wa jikoni, waliokubali kwa sababu mazoezi ni wakati wa kuosha masufuria. Wa tatu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye yuko idara ya kufunga bidhaa na husema siku zote kwamba watu hawajawahi kumpa nafasi.

Leo tumempa. Shemeji aliimba ubeti mmoja. Sauti yake ni kubwa, hilo ni lazima nimtendee haki. Ni kubwa na haina anwani. Dada watatu wa sauti ya pili, waliosimama karibu naye, walikusanya mikoba yao bila kelele na kumuaga Mwalimu. Watatu wameingia, watatu wametoka. Nikahesabu vichwa, nikahesabu tena. Thelathini na saba.

Mwalimu akawashukuru wageni wangu, akawaruhusu waende, akawafuata wale dada hadi getini, akarudi nao. Thelathini na saba tena. Naanza kuhisi namba hii inanifahamu.

Shemeji hanisemeshi. Mke wangu naye ananisemesha mno.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu ndiye anayeshona sare za kwaya. Leo alitaka vifungo, vitatu kila shati. Nikapiga hesabu, thelathini na saba mara tatu: mia na kumi na moja. Moja, moja, moja. Nikasema hebu. Mara sita: mia mbili ishirini na mbili. Mara tisa: mia tatu thelathini na tatu. Nikaendelea hivyo, chai ikapoa. Namba ileile iliyonitesa, kumbe ina upande wa kuchezea.

Kutoka hapo nikaunda mazingaombwe. Mwambie mtu achague tarakimu moja kimoyomoyo, aiandike mara tatu, kisha agawe kwa jumla ya tarakimu hizo tatu. Aliyechagua nne ana mia nne arobaini na nne, kugawa kwa kumi na mbili. Jibu ni thelathini na saba. Aliyechagua saba, mia saba sabini na saba kugawa kwa ishirini na moja. Thelathini na saba. Unafumba macho, unashika paji la uso, unamtajia jibu lake. Kiongozi anayesoma mawazo ya waimbaji wake. Filimbi ana nini cha kulinganisha?

Nilianza na Dereva. Alichagua tano. Nilipomtajia jibu alikaa chini. Nikamfanyia dada mmoja wa sauti ya kwanza, naye akashika mdomo. Wa tatu, wa nne, nimepamba moto, nafumba macho mpaka yanauma. Kosa langu ni kuwaacha wapate chai pamoja. Nikiwa kwa mtu wa sita nikasikia Dereva anamwambia yule dada jibu lake lilikuwa thelathini na saba. Dada akasema lake pia. Na la yule. Na la yule.

Jioni nzima, kila niliyepishana naye alifumba macho, akashika paji la uso, akasema, "Naona… naona… thelathini na saba."

Jumatatu, 17 Machi

Siku tano zimebaki na hakuna mistari. Leo nimecheza karata ya mwisho. Nilisimama nikasema tuwe wakweli, mmoja wetu akae pembeni siku ya sherehe, kwa heshima zote, apumzike. Na tusioneane haya, tupige kura ya siri. Kila mmoja aandike jina la mtu ambaye, kwa dhamiri yake, anastahili kupumzika.

Filimbi akauliza kama nina hakika nataka hivyo. Nikamwambia anayeogopa kura ana lake moyoni.

Nilikuwa nimepita kwa wengi tangu asubuhi. Sikutaja jina. Nilisema tu wamfikirie yule anayetuharibia mpangilio, yule ambaye kila tukipangwa yeye ndiye tatizo. Wote waliitikia kwa kichwa. Wengine walinishika bega.

Mwalimu akahesabu. Kura thelathini na saba. Dereva, moja. Mimi, thelathini na sita.

Hata namba iliyotoka ni ileile niliyoitaka. Thelathini na sita, sita kwa sita. Waliosalia walijipanga palepale, bila mimi kuwaelekeza, kama maji yanavyoingia kwenye beseni. Mraba kamili. Ulipendeza. Niliutazama kutoka mlangoni nikiwa nimeshika koti.

Jumanne, 18 Machi

Sikula mchana. Nimeandika sentensi hii mara mbili nikaifuta kwa sababu ilionekana kama naomba huruma. Lakini sikula.

Dereva alikuja stoo. Akasema aliandika jina langu kwa mapenzi. Mwenyewe nilisema apumzike anayestahili, na yeye hajui mtu anayestahili kuliko mimi, niliyehangaika na mistari hii hadi macho yameingia ndani, tena niliyemwokoa na ile safari. Akadhani nawaomba kiustaarabu. Mkewe anajifungua muda wowote, akasema, na akiwa wa kiume wataona kama watampa jina langu. Nilishindwa kumtazama.

Nilimwambia mke wangu habari ya kura nikitumaini atakasirika kwa niaba yangu. Aliniuliza ile kura moja yenye jina la Dereva iliandikwa na nani. Nikaulizia chai. Akarudi kwenye vifungo vyake.

Jumatano, 19 Machi

Jioni walikuwa wanafanya mazoezi bwaloni, na dirisha la stoo linatazama huko. Nilijiambia sitasikiliza. Nikavuta makopo ya sabuni ya kusugulia, yale ya duara, nikawa nayapanga juu ya meza ili mikono iwe na shughuli.

Niliweka kopo moja katikati. Nikasema huyu ni mimi, amebaki. Nikaweka mengine kulizunguka, yagusane. Yakaingia sita, barabara, bila upenyo. Nikazungusha mstari mwingine nje ya yale, yakaingia kumi na mawili. Nikazungusha tena, kumi na nane. Meza ikawa na umbo la pande sita zilizo sawa, lile la shuleni, pembesita, kama kipande cha sega la nyuki.

Nikayahesabu kwa mazoea tu. Moja na sita, saba. Na kumi na mawili, kumi na tisa. Na kumi na nane.

Nikahesabu upya, safari hii kwa mistari, kutoka upande mmoja wa meza hadi wa pili. Manne, matano, sita, saba, sita, matano, manne. Thelathini na saba. Hakuna lililobaki mkononi.

Nilikaa juu ya katoni. Niseme ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: kwa muda sikufikiria uongozi. Niliyatazama tu. Wiki mbili nimekuwa nikiipasua namba hii kwa shoka, na yenyewe haikutaka kupasuliwa, ilitaka kukusanyika. Toa kopo moja, pengo. Ongeza moja, linakosa pa kukaa. Bwaloni walikuwa kwenye ubeti wa tatu, nami makopo yalianza kunitia ukungu machoni.

Kisha nikalitazama lile la katikati. Limezungukwa na yote. Yote yameliegemea.

Nikajua pangu ni wapi.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimwomba Mwalimu aje stoo. Alikuja na miwani yake ya kusomea, akainama juu ya meza, akahesabu kwa kidole hadi mwisho. Kisha akasema mraba unampa taabu. Unapendeza machoni, lakini wa nyuma hawawasikii wa mbele, na jana mstari wa tatu ulimaliza wimbo kabla ya wa kwanza. Watu wakisimama hivi, wamebanana, watasikizana.

Akaongeza jambo lililonishangaza. Tangu nitoke, Dereva haanzi kwa wakati. Walimuuliza sababu, akasema amezoea kunisikia nikivuta pumzi nyuma ya shingo yake. Ndiyo ishara yake. Miaka yote hii.

"Na huyu wa katikati?" akauliza, akigusa kopo.

Nikasema kwa unyenyekevu kwamba hapo panahitaji mtu wa kuwashikamanisha wenzake.

"Anaonekana?"

Nikasema thamani ya mtu kama huyo huhisiwa zaidi kuliko kuonekana. Maneno mazuri, sijui niliyatoa wapi.

Mwalimu akavua miwani. "Basi simama hapo wewe," akasema. "Rudi mazoezini."

Nimerudi. Wamenipigia makofi, Filimbi wa kwanza. Tumejipanga kama makopo. Dereva akasimama mbele yangu, wengine wakanifunga pande zote. Meneja ameambiwa ni mtindo mpya. Anatilia mashaka ila hana muda wa kubisha.

Nimeshaandika hotuba ya kupokea kijiti. Fupi. Kurasa mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Sherehe imepita. Niandike kwa mpangilio.

Tulipanda jukwaani, pembesita kamili, sare mpya, vifungo mia na kumi na moja. Mimi katikati. Naripoti nilichokiona: kisogo cha Dereva. Kushoto, sikio la mtu. Kulia, sikio la mtu mwingine. Nilijinyoosha kwa vidole vya miguu, nikaona taa.

Kumbe umbo lile linaonekana kutoka juu. Juu ya meza ya stoo mimi nilikuwa juu. Mkurugenzi alikaa chini, kwenye kiti, kama wageni wote. Kwa mbele aliona watu wanne na nyuma yao msongamano. Wenzangu wa pembeni wanasema Meneja alibadilika rangi, akaanza kuhesabu mistari kwa kidole.

Halafu tukaimba.

Sijawahi kuisikia kwaya yetu. Nilikuwa nikisikia kisogo. Leo sauti zote zilikuja kwangu kutoka kila upande, nyembamba na nene, hata ya Filimbi, ambayo, lazima niseme, ni safi. Nilivuta pumzi, Dereva akaanza pamoja nami kama milango miwili ya kabati. Ilinilevya. Katika ubeti wa mwisho nikaingia neno moja kabla ya watu wote. Neno moja tu, lakini bwalo lilikuwa kimya wakati huo.

Mpiga picha alikuwa amepanda ngazi ndefu kurekebisha taa, akatupiga picha kutoka huko juu. Tulipomaliza alishuka mbio na kamera, akamwonyesha Meneja, Meneja akamwonyesha Mkurugenzi. Mkurugenzi akaitazama picha, akatutazama sisi, akasimama kupiga makofi. Bwalo lote likasimama.

Hapo Mwalimu akageukia kwaya na kile kijiti chake cheusi. Akasema anamkabidhi mtu mtulivu. Nikatoa hotuba mfukoni, nikaanza kwenda.

Mtu aliye katikati ya pembesita hatoki hivihivi. Nilisema samahani kwa Dereva, Dereva akasogea kwa ustaarabu, akanizibia zaidi. Nikajaribu kulia. Nikajaribu kupita chini. Nilipochomoza kati ya dada wawili wa sauti ya kwanza, karatasi mkononi, Filimbi alikuwa anamalizia kushukuru. Jina lake ndilo lililokuwa limetajwa. Mimi sikulisikia kwa sababu nilikuwa kwenye kwapa la mtu.

Nikakunja hotuba. Nikampa mkono. Akanikumbatia, huyu asiyekasirika.

Tukirudi nyumbani mke wangu akasema, "Leo sikukuona. Lakini nimekusikia."

Moyo ulinipanda. Nikamwuliza alinisikia wapi.

"Pale ulipowatangulia."

Alikuwa ameshika mkono wangu, hakuuachia. Naliweka hilo hapa kwa kumbukumbu.

Jumatatu, 24 Machi

Picha imebandikwa getini, kubwa kama mlango. Inafanana na ua. Katikati kabisa ya ua kuna kitu kinang'aa. Ni upara wangu. Walinzi wanasema ndiyo unaoipendezesha picha. Sikujua nina upara.

Mke wa Dereva amejifungua jana, mtoto wa kike. Niliambiwa kwamba jina langu halimfai. Nikashusha pumzi.

Nimejifunza mengi katika wiki hizi tatu na nimeamua kuishi kwa unyenyekevu. Sitashindania tena cheo. Nilidumu na nia hiyo hadi saa ya chai, Filimbi alipotangaza kwamba anahitaji msaidizi, na tutamchagua Ijumaa kwa kura ya siri. Akauliza nani anataka. Nikaona mkono umepanda, ukawa wangu. Wenzangu wakampendekeza Dereva.

Sasa hapa nimetulia, natumia akili. Filimbi akiwemo, wapiga kura tuko thelathini na saba. Thelathini na saba ni namba witiri. Na namba witiri, kwa watu wawili, haina sare. Lazima mmoja ashinde, na anachohitaji ni kura kumi na tisa tu. Filimbi amekiri mwenyewe kwamba hesabu hiyo ni sahihi.

Nimezunguka idara zote mchana kutwa. Nimezungumza na watu kumi na wanane, mmoja mmoja, nikawaeleza nia yangu. Wote walicheka kwa furaha. Dereva mwenyewe alicheka hadi akashika ukuta. Mke wangu nimempa suruali anyooshe.

Wa kumi na tisa ni mimi, na huyo nina hakika naye kabisa.